Bila Ngano Si Bila Wanga

Shangazi yangu anaishi Tanga na ameugua kisukari mwaka wa tisa sasa. Mwaka jana jirani yake alimwambia, "Dada, ngano ndiyo inayokumaliza. Acha chochote chenye gluteni." Akatii. Chapati zikaondoka mezani, boflo la asubuhi likaondoka, na mahali pake ukaja mkate wa unga wa muhogo aliouoka mwenyewe kwa nazi na iliki. Wiki mbili baadaye alinipigia simu. Kipimo cha asubuhi kilikuwa kimesoma 14. Alijinyima anachokipenda, na sukari ikapanda badala ya kushuka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiokota kila nilisikialo kuhusu mkate usio na ngano na mkate wenye wanga kidogo, sokoni, harusini, kwenye foleni ya kliniki. Mengi ni ya uongo, machache ni ya kweli, na mengine ni kweli nusu. Nayapanga hapa kama nilivyoyasikia.

"Mkate usio na ngano haupandishi sukari."

Si kweli, na hili ndilo linaloumiza watu wengi kuliko mengine yote.

Gluteni ni protini. Imo kwenye ngano, shayiri na rai, na ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Wanga ni kitu kingine: ndio unaovunjwavunjwa tumboni ukawa sukari na kuingia kwenye damu. Ukiondoa gluteni, wanga haujaguswa. Gramu 100 za unga wa ngano zina wanga gramu 76 hivi. Unga wa mahindi uko palepale. Mtama na ulezi havipishani sana na hapo. Unga wa mchele unafika 80, na wa muhogo unapita. Kwa hiyo shangazi aliruka majivu akakanyaga moto, tena kwa kufuata ushauri kwa uaminifu wote.

Sisi watu wa pwani tuna mikate isiyo na gluteni tangu zamani, kabla neno lenyewe halijatufikia. Mkate wa kumimina ni mchele uliorowekwa, ukasagwa na tui, ukaumuliwa kwa hamira, ukaokwa kwa makaa chini na juu. Vitumbua ni mchele. Mofa ni mtama. Anayedhuriwa na ngano anaweza kula vyote hivi kwa amani, iwapo hakuna aliyechanganya unga wa ngano ndani yake. Mwenye kisukari hawezi kusema hivyo. Hata ile mikate ya dukani iliyoagizwa kutoka nje, yenye maandishi makubwa kwamba haina gluteni, ukigeuza pakiti utakuta unga wa mchele, wanga wa viazi na wanga wa muhogo. Ni muhogo uleule uliompandisha shangazi sukari, umerudi kwa ndege.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kuwasha jiko ni moja: unakimbia gluteni, unakimbia wanga, au vyote viwili? Mkate ninaoueleza hapa unafaa wote watatu. Mikate mingi haifai.

"Wanga kidogo maana yake unga wa lozi, na lozi ni ya matajiri."

Nusu ya kwanza si kweli. Ni kweli kwamba mapishi mengi ya aina hii yanaanza na lozi, lakini ni kwa sababu walioyaandika wanaishi kwenye lozi. Kinachotakiwa ni mbegu yenye mafuta na protini nyingi na wanga mchache, na mbegu hizo tunazo. Katika gramu 100 za karanga, wanga ni gramu 16 tu, na nusu yake ni nyuzinyuzi ambazo mwili hauzigeuzi sukari. Ufuta una gramu 23, nusu yake nyuzinyuzi. Mbegu za maboga, zile tunazotema na kutupa, zikimenywa zina gramu 11 hivi na protini 30. Sijui kitu kingine jikoni kinachodharauliwa kwa makosa kama mbegu za maboga.

Korosho ndiyo ya kuangalia. Nasema hivi nikiwaheshimu ndugu zangu wa Mtwara na Lindi. Korosho ina wanga gramu 30 katika 100, na nyuzinyuzi zake ni kama 3 tu. Kwa mkate usio na gluteni ni nzuri mno. Kwa mkate wa wanga kidogo, karanga inaishinda, na bei yake ni ya chini.

Unga wa dengu, ule wa bajia, uko katikati: hauna gluteni, una protini nyingi, lakini wanga wake unakaribia gramu 58. Ni nafuu ukilinganisha na ngano, ila usiuite wa wanga kidogo.

"Mkate wa kweli unataka hamira na saa mbili za kungoja."

Si kweli. Hamira inatoa hewa polepole, na hewa hiyo inahitaji kitu cha kuizuia isitoroke. Kwenye ngano mzuiaji ni gluteni, kama ngozi ya puto. Ukiondoa gluteni, hata ungoje hadi alasiri, hewa inapita na kwenda zake. Ndiyo maana mkate wa haraka hauhangaiki na hamira. Hewa inatoka kwenye beking pauda kwa dakika chache, na yai linaganda kwa moto kabla hewa haijatoka. Yai ndilo linaloshika nafasi ya gluteni.

Bibi zetu walilijua hili. Mkate wa mayai wa pwani uliumuka kwa mayai tu, yaliyopigwa kwa mkono hadi yakawa meupe na mazito, mtoto akikabidhiwa bakuli na kuambiwa asiache hadi aambiwe. Ulikuwa na ngano na sukari, lakini nguvu ya kuuinua ilikuwa ya yai.

Huu ndio mkate niliomfundisha shangazi. Mayai mawili. Vijiko sita vya chakula vya karanga zilizokaangwa na kusagwa, kama gramu 45. Kijiko kimoja cha chai cha beking pauda, chumvi kidogo, kijiko kimoja cha chakula cha mafuta au samli, na matone machache ya siki au ndimu. Piga mayai kwanza hadi yatoe povu, ndipo utie vingine, ukiacha beking pauda iwe ya mwisho. Ukishaitia usiende kupokea simu. Imeanza kazi tayari, na rojo likikaa robo saa nguvu yake itakuwa imepungua.

Mimina kwenye kikaango kidogo kilichopakwa mafuta, moto mdogo, funika. Baada ya dakika nne au tano utaona juu pameanza kukauka na vitundu vidogo vimejitokeza, na kingo zimeachana na chuma. Hapo geuza. Dakika tatu nyingine, basi. Ukikata katikati unaona ngozi ya kahawia na ndani vinyweleo vidogo, na mvuke wenye harufu ya karanga.

Hesabu yake: wanga unaobaki baada ya kutoa nyuzinyuzi hauzidi gramu 5 au 6 kwa mkate mzima. Chapati moja iliyosukumwa kwa gramu 60 za unga wa ngano ina karibu gramu 45. Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike.

Siri iko kwenye kusaga. Karanga ina mafuta karibu nusu ya uzito wake, na ukiiacha kwenye blenda ikazunguka bila kupumzika utapata siagi ya karanga, si unga. Saga kwa kubonyeza na kuachia, kidogokidogo, karanga zikiwa zimepoa kabisa. Ukiona ukutani mwa blenda panaanza kung'aa, acha hapo hapo. Chekecha, rudisha mabonge. Asiye na blenda atwange kwenye kinu na achekeche mara mbili, na unga wake unaweza kuwa bora kuliko wangu, maana mchi haupashi moto karanga.

"Bila oveni huwezi."

Umeshasoma kwamba kikaango kinatosha. Mwenye mikrowevu anaweza kutumia nusu ya vipimo hivyo kwenye kikombe kikubwa kilichopakwa mafuta, na mkate uko tayari kwa dakika moja na nusu, ingawa utakuwa laini bila ngozi, na mimi napenda kuukata na kuukausha kidogo kwenye kikaango. Anayetaka mkate mnene wa kukata slesi afanye mara tatu, amimine kwenye sufuria, afunike na kuweka makaa juu ya mfuniko, kama mkate wa kumimina.

"Karanga ni karanga, hata zilizosinyaa zinafaa kusagwa."

Si kweli, na hapa naomba msomaji asinipite haraka. Watu wengi wanachagua karanga nzuri za kutafuna na kuacha mbovu ziende kwenye kusagwa, kwa kuwa zikishasagwa hazionekani. Karanga zilizovunda zinaweza kubeba sumukuvu, sumu ya ukungu inayoshambulia ini. Kupika hakuiondoi. Kuchuja hakuiondoi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyoingia sumu hiyo. Karanga na mahindi ndiyo mazao inayoyapenda zaidi.

Kwa hiyo chagua kwa mkono, sinia likiwa kwenye mwanga. Tupa iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na wadudu, iliyoota ukungu. Ukionja ukakuta uchungu, tema. Usinunue karanga ambazo tayari zimesagwa kwa mtu usiyejua alisaga nini. Na usiwape kuku hizo ulizozitupa, kwa sababu sumu inawaua na wao.

"Machicha ni takataka."

Si kweli hata kidogo. Unga wa nazi unaouzwa kwa bei ya kutisha kwenye maduka makubwa ni machicha yaliyokaushwa, yakakamuliwa mafuta na kusagwa. Kila nyumba ya pwani inayopika wali wa nazi inatupa unga huo au kuwapa kuku.

Ukishakamua tui la mwisho, tandaza machicha kwenye sinia, membamba, uyafunike kwa wavu na kuyaanika juani siku hiyohiyo. Yakilala usiku yana maji, yanachacha. Yakikauka hadi yanachakarika mkononi, saga na uchekeche. Sehemu kubwa ya wanga wake ni nyuzinyuzi. Kwa kuwa ya nyumbani bado yana mafuta kidogo, weka kwenye friji, la sivyo yataanza kunuka.

Ila yanakunywa maji kama mchanga. Mtu aliyezoea ngano akiweka kikombe kwa kikombe atapata vumbi linaloshikana kwa taabu. Panapotakiwa kikombe cha ngano, robo kikombe cha unga wa machicha inatosha, na mayai yaongezwe. Mimi natia vijiko viwili tu ndani ya ule mkate wa karanga, na yai la tatu. Unakuwa mwepesi zaidi, na unapata ule utamu wa mbali wa nazi. Anayetaka ushikane vizuri zaidi aongeze kijiko cha chai cha isabgol, yale maganda mepesi yanayouzwa kwenye maduka ya dawa na ya Wahindi kwa ajili ya tumbo gumu. Yakikutana na maji yanakuwa kama ute, na mkate hauvunjiki ukiupaka kitu.

"Mkate wa alizeti ukigeuka kijani umeharibika."

Hili nililiamini mwenyewe. Nilipata mbegu za alizeti zilizomenywa, za Singida, nikazisaga, nikaoka mkate mkubwa mzuri wa rangi ya maziwa yaliyoungua. Nikaufunika kwa kitambaa. Asubuhi nikakata, na ndani ulikuwa kijani, kijani kabisa kama jani la mchicha lililochemshwa, huku nje ukiwa umebaki kahawia. Niliutupa wote.

Haukuwa umeharibika. Alizeti ina asidi ya klorojeni, ileile iliyomo kwenye kahawa mbichi. Ikikutana na magadi yaliyomo ndani ya beking pauda, pamoja na protini za mbegu, hubadilika kuwa rangi ya kijani, taratibu, wakati mkate unapoa. Hakuna ukungu wala sumu. Ladha ni ileile. Dawa yake ni kuongeza ndimu au siki, kijiko cha chai au zaidi, ili asidi iyazime magadi. Ukungu una sura nyingine: unakaa juu, una manyoya, unanuka. Huo ndio wa kutupa.

"Punje moja ya ngano haidhuru mtu."

Inategemea mtu, na kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, si kweli. Huu si mzio wa kuwashwa. Gluteni ikiingia, kinga ya mwili inashambulia ukuta wa utumbo mwembamba, na chakula kinapita bila kufyonzwa. Mtoto anadumaa, tumbo linavimba, anaharisha, na watu wanasema ana minyoo.

Aliyefungua macho ya madaktari ni Mholanzi, Willem-Karel Dicke, daktari wa watoto. Tangu miaka ya 1930 alikuwa anashuku ngano. Kisha ikaja njaa kuu ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, Uholanzi ikiwa chini ya Wajerumani, mkate ukaadimika. Watoto wengine walidhoofika, lakini wale waliokuwa na siliaki walipata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi nao. Mwaka 1950 aliweka ushahidi wake kwenye tasnifu ya udaktari mjini Utrecht. Nikifikiri juu ya watoto wale walioponea kwenye njaa, naona aibu kutumia neno gluteni kama mtindo wa kupunguza mwili.

Kipimo cha kimataifa cha chakula kisicho na gluteni ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo. Sasa tazama jikoni kwetu. Ubao uliosukumia chapati jana. Mafuta ya bajia yaliyotumika kwanza kukaangia maandazi. Mashine ya kusaga ya mtaani, iliyosaga ngano ya jirani kabla ya mtama wako. Kwa shangazi yangu hayo yote si kitu. Kwa mwenye siliaki ni ugonjwa. Huyo asagie nyumbani, awe na kikaango chake na chekeche lake, na asome pakiti ya beking pauda, kwa sababu nyingi zina wanga wa mahindi ndani lakini nyingine zimetiwa wa ngano.

Na anayejihisi ana siliaki asianze kwa kuacha ngano. Apimwe kwanza akiwa bado anaila. Akiacha, kipimo cha damu kinaweza kusoma safi wakati ugonjwa upo, na itachukua muda mrefu kurudi kwenye ukweli.

"Kwa kuwa wanga ni kidogo, kula utakavyo."

Si kweli. Gramu 100 za karanga zina kalori zaidi ya 560, na mkate wa kawaida wa ngano gramu 100 una kama 265. Mkate mmoja wa mayai mawili unamshibisha mtu mzima, tena kwa muda mrefu. Wa pili ni tamaa.

Lipo na jambo zito zaidi. Anayechoma insulini, au anayemeza vidonge vinavyolazimisha kongosho kutoa insulini, akikata wanga ghafla huku dozi ikiwa ileile, sukari inaweza kushuka mno: kutetemeka, jasho baridi, kuchanganyikiwa, kuanguka. Amweleze daktari wake kabla ya kubadili chakula, si baada. Shangazi alipunguziwa vidonge vyake wiki ya tatu.

Na chai. Siwezi kuhesabu mara ngapi nimeona mtu anakula mkate wa karanga kwa nidhamu kubwa, kisha anaushushia chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari.

"Ni kama mkate wa ngano tu, hutajua tofauti."

Si kweli, na anayekuambia hivyo anakuandalia huzuni. Hauvutiki. Hauchaniki kwa vidole kama chapati laini. Ukiutegemea uwe boflo utakuangusha kila siku. Una uzito wake, una harufu ya kitu kilichokaangwa, na kingo zake zinakatika kwa mlio mdogo. Unafyonza mchuzi wa nazi kuliko nilivyotarajia, bila kusambaratika. Ukilala kwenye friji siku tatu au nne haukauki, kwa sababu ya mafuta, na ukiupasha kwenye kikaango kikavu ngozi inarudi.

Nilipokwenda Tanga mwezi uliopita, shangazi aliuleta mezani na samaki wa kupaka. Alikuwa ameubadilisha. Nusu ya karanga alikuwa ameitoa na kuweka ufuta uliokaangwa, na juu, kabla ya kugeuza, alinyunyiza mwingine mzima ukashika kwenye ngozi. Nikamuuliza alipata wapi wazo hilo. "Mwanangu," akasema, "karanga peke yake inachosha." Kisha akanikatia kipande cha pili.